Hiyo Q1 ni ya fungu gani? Jinsi majarida ya kitaaluma yanavyopangwa kimasomo kwenye Scopus na Web of Science

Mwaka jana mhadhiri mmoja alikuja maktaba ninapofanya kazi ameshika fomu yake ya kuomba kupandishwa cheo. Kwenye kolamu ya hadhi ya jarida alikuwa ameandika Q2, yaani daraja la pili kati ya manne, afu mtu wa kamati amezungushia duara kwa peni nyekundu na pembeni ameandika Q4. Jarida lilelile, mwaka uleule, makala ileile moja. Mama wa watu alikuwa na uchungu kweli, anaona kama ameitwa mwongo mbele ya wenzake. Tukakaa na laptop karibu saa nzima tukakuta wote wawili wako sahihi, yeye aliangalia fungu moja na kamati wakaangalia fungu lingine.

Hayo mafungu ndo nataka tuyaelewe leo, kwa sababu kila mwezi napata watu wa masters, watu wa PhD, walimu wazima kabisa, wanauliza jarida fulani ni Q ngapi, na nikiwauliza Q ya somo gani wananitazama tu. Hakuna aliyewahi kuwafundisha, na wanadaiwa kila siku.

Iko hivi. Jarida likishaingizwa kwenye databesi kubwa za kufuatilia makala gani imerejelea ipi, kama Scopus au Web of Science, linawekwa kwenye fungu la somo: hili la isimu, hili la uchumi, hili la magonjwa ya kuambukiza. Kisha majarida yote ya fungu hilo yanapangwa mstari, kuanzia linalorejelewa sana na watafiti wengine mpaka linalorejelewa kidogo, mstari unakatwa vipande vinne, robo ya juu ndo Q1, inayofuata Q2, mpaka Q4 mkiani. Kwa hiyo fungu likiwa na majarida 80, wa 20 yuko Q1 na wa 21 yuko Q2, hata kama tofauti yao ni nukta ndogo sana. Umeenda sokoni umeona nyanya zimepangwa mafungu? Nyanya ya wastani ukiiweka kwenye fungu la nyanya ndogo inakaa juu kabisa inang'aa, ihamishie fungu la pili yake la nyanya kubwa inafichwa chini, na nyanya yenyewe haijabadilika hata kidogo.

Sasa mtu anaweza kusema si wayapange tu yote mstari mmoja yaishe. Hapana, hapo ungewaonea watu vibaya sana, maana kila fani ina tabia yake ya kurejelea. Mwanahisabati anaweza kuandika makala yenye marejeleo 20 tu na mojawapo ni uthibitisho wa miaka 40 iliyopita ambao bado uko hai kama ulivyoandikwa jana, wakati mtu wa baiolojia ya seli anaweka marejeleo 50 au 60 na mengi ni ya miaka mitatu minne hii ya karibuni. Impakti fakta ya kawaida, kile kipimo cha Web of Science cha jarida, inachukua marejeleo ya mwaka mmoja yaliyoenda kwenye makala za jarida za miaka 2 iliyotangulia, inagawa kwa idadi ya makala hizo. Kwa kipimo hicho mwanahisabati atashindwa kila mwaka hata awe bingwa wa dunia, muda wa kipimo ni mfupi kuliko maisha ya kazi yake. Mwanahistoria ndo kabisa, yeye nusu ya marejeleo yake ni vitabu na nyaraka ambazo databesi haizioni vizuri. Kwa hiyo mafungu yapo ili kila mtu apimwe na watu wa mtaa wake, na nia hiyo ni nzuri. Tabu inaanza kwenye nani anachora mipaka ya mtaa.

Chimbuko lake ni Philadelphia, Marekani. Mwaka 1955 Eugene Garfield aliandika kwenye jarida la Science akipendekeza fahirisi ya marejeleo, yaani orodha ya nani amemrejelea nani, wazo alilolichukua kwa wanasheria, kwa sababu tangu 1873 wanasheria wa Marekani walikuwa na vitabu vya Shepard vya kuwaonyesha kesi fulani imetajwa na kesi zipi zilizofuata na kama bado inasimama. Mwaka 1964 taasisi yake ikaanza kutoa Science Citation Index rasmi. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Garfield alikuwa anajaribu kuyakwepa mafungu ya masomo. Alivyoona yeye, mtu anayekaa kupanga mada hawezi kujua makala itakuja kumfaa nani, lakini mtafiti anayeirejelea anajua, kwa hiyo ukifuata uzi wa marejeleo utatoka kemia utaingia tiba utaibukia kilimo bila kumwomba mtu ruhusa. Nikimfundisha mwanafunzi kutafuta makala mpaka leo namwambia hivyo hivyo, anza na makala moja nzuri fuata uzi.

Lakini ripoti ya mwaka ya majarida ilipoanza kutoka, 1975, kila jarida lina namba yake, watu wakataka kulinganisha na kulinganisha kunadai mafungu. Yaliundwaje? Kwa macho. Garfield na mwenzake Alexander Pudovkin walieleza wenyewe mwaka 2002: watu walikaa wakatazama data za marejeleo, jarida jipya likaingizwa linapofanana na wenzake, fungu likijaa sana linagawanywa kwa maoni ya waliokuwepo. Na wakakiri kwamba kwenye maeneo mengi ya utafiti mafungu hayo ni ya kukadiria tu. Silisemi hili ili kuyadharau, kupanga maelfu ya majarida sio kazi ya mchezo na mimi mwenyewe nimepanga vitabu maisha yangu yote, ila mtu anapoipokea ile Q kama vile imeshuka kutoka mbinguni ni vizuri ajue kuna binadamu alikaa mezani akaamua.

Leo Web of Science iko chini ya kampuni ya Clarivate tangu 2016 na ina mafungu 254. Scopus ni ya kampuni ya uchapishaji ya Elsevier, ilianza 2004, na mpangilio wake unaitwa ASJC: mafungu makuu 27, ndani yake mafungu madogo zaidi ya 300, na kila dogo lina namba ya tarakimu 4. Hizi namba ukizizoea zinasaidia sana. Mbili za mwanzo zinakuonyesha fungu kuu, 27 ni tiba, 33 ni sayansi za jamii, 12 ni sanaa na humaniti, 10 ni yale ya mchanganyiko wa kila kitu kama Nature. Mbili za mwisho zinakuonyesha somo lenyewe, na ukiona 01 mwishoni, mfano 2701, ujue ni kapu la "mengineyo", jarida la tiba ambalo halikupata pengine pa kukaa.

Jarida moja linaweza kukaa mafungu mawili matatu na hata zaidi. Malaria Journal kwa mfano, jarida linaloshughulika na ugonjwa mmoja tu tunaoujua wote, kwenye Scopus liko 2405 ambayo ni vimelea na 2725 ambayo ni magonjwa ya kuambukiza, yaani mguu mmoja uko kwenye kinga na maikrobaiolojia mwingine kwenye tiba. Na ni sawa, malaria ni kimelea na ni ugonjwa. Ila kuna utafiti wa Qi Wang na Ludo Waltman, huyu wa pili ni wa Leiden, Uholanzi, 2016, waliochukua kila jarida wakaangalia kama kweli linarejeleana na wenzake wa fungu lake, wakakuta Scopus inagawa mafungu kwa ukarimu kupita kiasi, majarida mengi yamewekwa mahali ambapo hayana undugu na mtu, na Web of Science ilifanya vizuri zaidi ingawa nayo ina kasoro.

Turudi kwa yule mhadhiri. Anaandika historia ya miji ya pwani. Jarida lake kwenye Scopus lilikuwa na namba mbili, 1202 ambayo ni historia na 3322 ambayo ni taaluma za miji. Kwenye historia watu wanarejelea taratibu, kwa hiyo na alama yake ndogo jarida likasimama robo ya pili. Kwenye taaluma za miji kuna watu wa usafiri, wa nyumba, wa data za satelaiti, wanaandika haraka na kurejeleana haraka, alama ileile ikaangukia mkiani. Nilimfungulia ukurasa wa jarida nikamwonyesha mistari miwili, mmoja chini ya mwingine, kila mmoja na nafasi yake na asilimia yake. Akanyamaza kidogo afu akasema, "Kwa hiyo mimi nimepimwa na watu wa mabasi." Ndiyo, dada yangu, ndo ilivyokuwa.

Mfano mwingine unanigusa mimi mwenyewe kwa sababu ni fani yangu. Web of Science ina fungu la sayansi ya habari na ukutubi. Ndani yake yamo majarida yetu ya maktaba, namna ya kuhudumia wasomaji, kupanga mikusanyo, kufundisha watu kutafuta taarifa. Na humohumo limo MIS Quarterly, jarida la mifumo ya habari kwenye biashara na menejimenti, linarejelewa mno, liko pia kwenye fungu la menejimenti na la kompyuta. Neno "habari" ndo limewakutanisha, lakini wasomaji wao wala hawajuani. Matokeo yake mkutubi anayeandika utafiti mzuri kabisa kuhusu maktaba za vyuo anajikuta kwenye mstari ambao wa mbele yake ni watu wa shule za biashara wenye fedha na wingi wa makala. Robo ya juu imeshajaa kabla yeye hajafika.

Na sisi wa Kiswahili je? Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo. Kitabu cha sarufi ya Kiswahili kikifika maktaba tunajua pa kukiweka, mfumo wa Dewey unakipa 496.392, wa Maktaba ya Bunge la Marekani unakipa PL8701 na kuendelea, Kiswahili kina rafu yake yenye jina lake. Kwenye databesi za marejeleo hakuna kitu kama hicho. Scopus ina lugha na isimu mara mbili, 1203 chini ya humaniti na 3310 chini ya sayansi za jamii, na Web of Science nayo ina mawili, moja upande wa sayansi ya jamii lingine upande wa humaniti. Mtu wa fonolojia ya lahaja za pwani anasimama mstari mmoja na mtu wa maabara anayepima mwendo wa macho ya msomaji wa Kiingereza. Na upande wa fasihi angalia hili: Web of Science imewapa Waingereza na visiwa vyao fungu lao, Marekani fungu lao, Waslavoni fungu lao, Wajerumani na Waholanzi na Waskandinavia fungu lao, afu kuna fungu moja linaitwa Fasihi ya Afrika, Australia na Kanada. Tenzi za Lamu, riwaya za Lagos, na washairi wa Sydney na Toronto, wote kapu moja. Ukiuliza wanahusiana nini, jibu ninaloliona mimi ni kwamba walikuwa pembeni ya yule aliyechora mafungu. Inauma, na sidhani kama tunapaswa kuizoea.

Kuna shida nyingine pia. Chukua jarida liitwalo Kiswahili, linalotolewa na TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, toleo moja lina isimu na fasihi pamoja. Databesi inapanga jarida zima, sio makala moja moja. Kwa hiyo jarida la aina hiyo popote duniani likiwekwa isimu, makala yako ya ushairi imekuwa isimu. Hii ni hoja kubwa kuliko inavyoonekana: fungu ni la jarida, wewe umepanga chumba tu humo. Ndo maana majarida ya mchanganyiko kama Nature, Science na PNAS yanasumbua sana, yako kwenye fungu la "sayansi mchanganyiko" wakati makala yenyewe ni ya volkano au ya mbu. Clarivate kwenye bidhaa yao nyingine, yenye masomo 22 tu na kila jarida fungu moja, wanalazimika kuzichukua makala za majarida hayo moja moja na kuzihamisha kwa kuangalia imerejelea nini.

Kutokana na hilo kuna wanaosema tuache kupanga majarida tupange makala. Kituo cha Leiden kinachochunguza marejeleo, anakotoka huyo Waltman, kilionyesha njia mwaka 2012, unachukua mamilioni ya makala, unaangalia nani kamrejelea nani, kompyuta inayakusanya yale yanayorejeleana yawe kikundi. OpenAlex, databesi ya bure iliyoanza Januari 2022 na kupewa jina la maktaba ya kale ya Alexandria, imefanya kazi na haohao wa Leiden na kila makala inapewa mada kati ya mada kama 4,500. Mimi naipenda njia hii, kwa sababu mwanahistoria wa miji angebaki na wanahistoria wenzake. Lakini nayo inategemea uzi uleule wa marejeleo, na makala yetu ya Kiswahili ambayo marejeleo yake ni vitabu vya miaka ya sabini, tasnifu za chuo na mahojiano na wazee, uzi wake databesi haiushiki, inaelea peke yake. Dawa ya hapo ni majarida yetu kuweka marejeleo yao mtandaoni kwa mpangilio ambao mashine inaweza kuusoma, na hiyo ni kazi ya wahariri wetu, hatuwezi kumsubiri mtu wa Uholanzi.

Kitu kingine cha kujua ni kwamba mafungu yanasogea hata jarida likikaa palepale. Zamani Web of Science ilikuwa na fungu moja kwenye mistari miwili, mfano saikaitria ilikuwa upande wa sayansi na upande wa sayansi ya jamii, na jarida lililoko kote linaweza kuwa Q1 huku na Q2 kule. Kwenye ripoti ya 2024 wakaunganisha mistari kwenye mafungu 229 ya sayansi na sayansi za jamii, na wakaingiza humo majarida ya ESCI, orodha yao ya majarida yanayochipukia, ambayo kabla hayakuwa yanapewa nafasi kwenye mstari. Mafungu 25 ya humaniti yakabaki bila kupangwa kwa impakti fakta. Kwa hiyo mtu akikuletea Q ya ripoti ya zamani na Q ya ripoti mpya usizilinganishe hivi hivi, mstari umerefuka.

Na tusichanganye vyombo. SCImago, tovuti ya bure ya kupanga majarida, inatumia mafungu ya Scopus lakini kipimo chake ni SJR, kinachoangalia pia uzito wa jarida lililokurejelea, wakati Scopus yenyewe inatumia CiteScore, wastani wa marejeleo kwa kila makala ndani ya miaka 4, kwa hiyo jarida moja fungu moja mwaka mmoja bado linaweza kupata Q tofauti. AJOL, ambayo ipo tangu 1998 na inatunza majarida ya Afrika, nayo ina mpangilio wa masomo lakini haikupi Q, anayekwambia jarida lake ni "Q1 ya AJOL" mkimbie.

Kuhakiki hakuhitaji hela. Orodha ya majarida ya Scopus iko wazi bila chuo chako kulipia, andika ISSN ya jarida, ile namba yake ya utambulisho, sio jina, majina yanafanana na matapeli wanajua hilo, afu soma mistari yote ya mafungu usiishie wa kwanza. SCImago iko wazi. Orodha kuu ya majarida ya Web of Science ukijisajili bure inakuonyesha jarida liko mafungu gani, ingawa nafasi zenyewe zinataka malipo. Na kama bado hujaandika makala, fanya hivi: kabla ya kuchagua jarida angalia fungu lake, afu jiulize wasomaji unaowataka wako humo? Mara nyingi jarida la Q3 linalosomwa na watu wako litakupa wasomaji kuliko Q1 ya mtaa wa mbali.

Yule mhadhiri tulimwandikia upya ile kolamu: Q2, historia, 1202, Q4, taaluma za miji, 3322, CiteScore, na mwaka. Chini akaongeza kwa mkono wake kwamba makala inatumia nyaraka na masimulizi na ni ya historia. Akaipeleka Jumatatu. Wiki mbili baadaye katibu wa kamati akanipigia mwenyewe, anataka kujua hizo namba nne nne zinapatikana wapi, nikamtumia linki ya ile orodha ya bure.